Geti Huoza Kuanzia Chini: Mwongozo wa Kuchagua Kati ya Chuma, Galvanaizi, Alumini na Stenlesi

Kabla hujatazama picha za mitindo, tembea mtaa wako. Tafuta mageti yaliyofungwa miaka mitano au kumi iliyopita, kisha inama uangalie ukingo wa chini. Mara nyingi utakuta juu rangi bado inang'aa, na chini paipu imetoboka, shiti imevimba, na ukigonga kwa ufunguo zinadondoka ganda za kutu. Chini ndiko maji ya mvua yanakojikusanya, ndiko tope linakorukia, na ndiko fundi anakopaka rangi kwa haraka kwa sababu hakuna anayeangalia.

Mwongozo huu ni wa mtu anayejenga au kukarabati nyumba Dar es Salaam na pwani kwa jumla, ingawa wa Dodoma, Arusha au Mbeya naye atapata lake. Msimamo wangu ni kwamba hewa ya mahali ndiyo ichague metali, ufundi ndio uamue umri wake, na bei ije ya tatu. Wengi tunaanza na bei, kisha tunalipia geti la pili.

Hatua ya 1: Soma hewa ya mahali pako

Chuma hushika kutu pale maji na hewa vinapokutana juu yake. Chumvi haileti kutu peke yake, bali inaiharakisha sana. Inavuta unyevu kutoka hewani, hivyo geti la kando ya bahari hubaki na ubichi hata siku isiyo na mvua, na unyevu wenye chumvi hupitisha kwa urahisi ule umeme mdogo unaoendesha kutu. Halafu kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ndiyo maana rangi huvimba na kubanduka muda mrefu kabla hujaona tundu.

Kwa kazi ya geti, gawa maeneo matatu. La kwanza ni ukingo wa bahari wenyewe, yaani nyumba zilizo mita mia chache kutoka majini: Masaki, Msasani, Kunduchi, Bahari Beach, sehemu za Kigamboni, Nyali kule Mombasa. Pwani ya mashariki ya Unguja, kama Paje na Jambiani, ina adhabu ya ziada, kwa sababu kusi hupiga moja kwa moja kutoka bahari kuu na kubeba manyunyu ya chumvi hadi ukutani. La pili ni mji wa pwani kwa ndani: Tabata, Kimara, Goba. Joto na unyevu vipo, chumvi imepungua. La tatu ni bara. Arusha na Mbeya zina mvua nyingi kuliko Dodoma, lakini zote tatu hazina chumvi ya bahari, na hilo ni jambo kubwa kuliko mvua.

Kama nyumba yako iko mpakani na hujui ujiweke wapi, tazama nondo za madirisha ya jirani, misumari ya bati la paa na mashine ya nje ya kiyoyozi. Vikiwa vimeliwa ndani ya miaka michache, jihesabu uko ukingo wa bahari hata kama huoni maji kutoka barazani.

Hatua ya 2: Pima uwazi, kisha piga hesabu ya uzito

Hatua hii watu huiruka, na humo ndimo mageti mengi yanapoharibikia.

Tuchukue uwazi wa kawaida wa gari: upana mita 4, kimo mita 2, milango miwili ya mita 2 kwa 2. Fremu ya skwea paipu ya milimita 50 kwa 50, unene milimita 2, ina kilo 3 hivi kwa kila mita. Mlango mmoja unakula mita 12 ukihesabu mzunguko wake na vipande viwili vya katikati, kimoja cha kusimama na kimoja cha kulala: kilo 36. Shiti ya chuma ya milimita 1.2 ina kilo 9.4 kwa mita ya mraba, kwa hiyo mita 4 za mraba ni karibu kilo 38. Jumla kilo 74, na ukiongeza bawaba, komeo na mapambo, kila mlango unafika kilo 80.

Sasa kilo 80 hizo zinaning'inia upande mmoja. Kitovu cha uzito kiko mita 1 kutoka kwenye nguzo. Bawaba ya juu na ya chini zikiwa zimeachana mita 1.6, ya juu inavutwa kutoka kwenye nguzo kwa nguvu ya kilo 50, na ya chini inasukumwa ndani ya nguzo kwa nguvu hiyohiyo, mchana na usiku. Geti linalolala na kukwangua sakafu baada ya mwaka mmoja aghalabu halina kosa la metali; nguzo ndiyo imeshindwa. Nguzo ya tofali tupu haifai. Inatakiwa nguzo ya zege yenye nondo, na vyuma vya kushikia bawaba vifungwe kwenye hizo nondo kabla zege halijamwagwa. Kuja kutoboa baadaye na kuziba kwa saruji si kazi ya kudumu.

Geti hilohilo kwa alumini, fremu ya unene wa milimita 3 na shiti ya milimita 2, lina kama kilo 40 kwa kila mlango. Nusu ya mzigo. Kama nguzo zako ni za zamani na hutaki kuzibomoa, hoja hii peke yake inaweza kumaliza mjadala.

Kuna na upepo. Upepo wa mita 20 kwa sekunde, yaani kilomita 72 kwa saa, ukikutana na geti lililozibwa lote la mita 8 za mraba, unalisukuma kwa nguvu ya karibu kilo 200. Uzito hausaidii sana hapo. Kinachosaidia ni komeo la kushuka ardhini kwa kila mlango na sehemu zilizoachwa wazi ili upepo upite. Upande wa baharini, theluthi ya juu iwe ya nondo au vipande vyenye nafasi.

Uwazi ukizidi mita 4, au ua ukipanda kuelekea nyumbani, fikiria geti la kusukuma kwenye reli. Uzito unabebwa na magurudumu, nguzo inapumzika. Lakini reli iliyo chini ya usawa wa barabara hujaa mchanga na tope kila masika, na gurudumu likikwama watu huanza kuliburuta. Inua reli kidogo na uitengenezee njia ya maji.

Hatua ya 3: Zifahamu metali zenyewe

*Chuma cha kawaida.* Ni kile cha paipu nyeusi na shiti nyeusi. Kinapatikana kila mji, kila fundi mwenye mashine ya kuchomelea anakijua, na gari likikigonga kinanyooshwa na kuchomelewa siku hiyohiyo. Udhaifu wake ni mmoja na unajulikana. Kitu wasichokuambia ni kwamba paipu inaoza pia kwa ndani, mahali ambapo brashi haifiki. Kwa hiyo unene ni uhai: paipu ya milimita 1.2 ikipoteza nusu milimita imebaki karatasi, ya milimita 2 ikipoteza kiasi hichohicho bado inafanya kazi. Fremu isipungue milimita 2, shiti milimita 1.5 ikiwezekana, na paipu ya chini kabisa ningeiweka milimita 3.

Maua na mikuki ya mapambo ichague kwa uangalifu. Ile ya chuma cha kumimina ni migumu lakini hupasuka ikigongwa, na haishikani vizuri na kijiti cha kawaida cha kuchomelea. Chukua ya chuma kilichofuliwa au kukandamizwa. Na usiweke mingi sehemu ya chini. Kila ua ni kikombe cha maji.

*Galvanaizi.* Ni chuma kilichovikwa zinki. Hapa pana vitu viwili tofauti vinavyouzwa kwa jina moja, na tofauti yake ni ya miaka mingi.

Cha kwanza ni paipu au shiti iliyopakwa zinki kiwandani kabla ya kufika dukani. Shiti yenye alama Z275, kwa mfano, ina gramu 275 za zinki kwa mita ya mraba kwa pande zote mbili, sawa na mikroni 20 hivi kila upande (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Cha pili ni geti lililokwisha kuchomelewa, kisha likazamishwa zima kwenye zinki iliyoyeyuka, kwenye joto la nyuzi 450 hivi za Selsiasi. Kwa chuma cha unene wa milimita 1.5 hadi 3, kiwango cha kimataifa cha ISO 1461 kinataka wastani wa mikroni 55, na chuma kinene zaidi kinapata 70 na kuendelea.

Mikroni hizi zina maana gani? Kiwango cha ISO 9223 kinapanga hewa kwa madaraja. Kwenye daraja C3, la wastani, zinki huliwa mikroni 0.7 hadi 2.1 kwa mwaka. Kwenye C5, ambalo ndilo la ukingo wa bahari wenye chumvi nyingi, ni 4.2 hadi 8.4. Gawanya mwenyewe: mikroni 20 zinaweza kukaa miaka kumi na zaidi mbali na chumvi, lakini kwenye C5 zinaisha ndani ya miaka miwili hadi mitano. Mikroni 55 hapohapo zinakupa miaka sita hadi kumi na tatu, kabla hata hujaongeza rangi.

Paipu ya galvanaizi ya dukani ina tatizo jingine. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, na moto wa kuchomelea unazidi hapo mara kadhaa. Kila mahali fundi anapounga, zinki inaondoka na kiungo kinabaki uchi, na ndicho kilichohitaji kinga zaidi. Lazima pasafishwe kwa brashi ya waya na kupakwa rangi yenye unga wa zinki. Tena moshi mweupe wa zinki inayoungua unaumiza: fundi akiuvuta anaweza kushikwa na homa na baridi jioni ileile. Mwambie aikwangue zinki kwa grenda kabla ya kuunga, akiwa amevaa barakoa, na afanyie kazi nje kwenye hewa.

Kuzamisha geti zima ndiyo kinga bora ya chuma ninayoijua, kwa sababu zinki inaingia hadi ndani ya paipu. Lakini huduma hiyo haipo kila mji, na beseni la zinki lina urefu wake. Ulizia kabla ya kuchora geti. Kila paipu itobolewe matundu ya kutolea hewa, kwani hewa au maji yaliyofungiwa ndani yakikutana na joto lile yanaweza kulipuka. Shiti nyembamba hujikunja kwenye beseni, kwa hiyo muundo wa paipu na nondo unafaa kuzamishwa kuliko ule uliozibwa.

*Alumini.* Haishiki kutu ile nyekundu. Juu yake hujengeka ngozi nyembamba ya oksidi inayojiponya ikikwaruzwa. Kwa unene uleule uzito wake ni kama theluthi ya chuma; mlango wetu wa Hatua ya 2 ulishuka hadi nusu tu kwa sababu ulitumia fremu na shiti nene zaidi. Upande wa pili, ugumu wake wa kukataa kupinda nao ni theluthi ya chuma, hivyo fremu inataka paipu pana au nene zaidi. Mwizi mwenye msumeno ataikata upesi. Na haiungwi kwa mashine ya kawaida ya vijiti. Inataka mashine ya gesi ya agoni na mkono uliozoea. Wengi hukwepa hilo kwa kuunga kwa ribiti na bolti, na hapo kosa kubwa hutokea: bolti ya chuma ikigusa alumini kwenye hewa ya chumvi, alumini inaliwa kuzunguka bolti. Tumia bolti za stenlesi zenye washa za plastiki. Pia usiache saruji mbichi ikaishia juu ya alumini, kwani inaibabua. Maliza lipu kwanza, ndipo ufunge geti.

*Stenlesi.* Jina hili linabeba metali kadhaa, na pesa nyingi hupotea hapa. Namba 304 ina kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 8 hivi. Namba 316 inaongezewa molibdenamu, asilimia 2 hadi 3, na hiyo ndiyo inayozuia vidoa vya chumvi. Namba 201 imepunguziwa nikeli na kuwekewa manganizi ili bei ishuke. Ukingo wa bahari 201 huanza kupata madoa ya rangi ya chai mapema sana, na 304 nayo hufuata. Kama huwezi 316 huko, usinunue stenlesi. Pesa hiyo itafanya kazi zaidi kwenye alumini au kuzamisha chuma. Ukiwa Tabata au Arusha, 304 inatosha kabisa.

Stenlesi nzuri inaweza kuharibiwa na karakana. Diski ya grenda iliyokata chuma cha kawaida ikitumika kwenye stenlesi, inapachika chembe za chuma zinazoshika kutu. Fundi awe na diski na brashi zake za stenlesi peke yake, na vijiti vinavyolingana: 308L kwa 304, 316L kwa 316.

Ningechagua hivi. Ukingo wa bahari: alumini iliyopakwa rangi ya unga ya kuoka, au chuma kilichozamishwa na kupakwa rangi juu kama usalama unakusumbua zaidi. Mji wa pwani kwa ndani: fremu ya paipu ya galvanaizi yenye viungo vilivyotibiwa, shiti ya milimita 1.5, rangi nzuri. Bara: chuma cha kawaida kinene, bila majuto.

Hatua ya 4: Dukani, usinunue kwa macho

Wauzaji husema kwa geji, na geji inachanganya kwa sababu namba ikipanda unene unashuka. Kumbuka hizi: geji 14 ni milimita 2 hivi, 16 ni 1.6, 18 ni 1.2, 20 ni 0.9. Uliza milimita, kisha pima mwenyewe kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, kwenye ncha iliyokatwa, siyo kwenye mshono.

Njia ya pili ni mzani. Paipu ya 40 kwa 40 yenye unene wa milimita 2 na urefu wa mita 6 inatakiwa kuwa na kilo 14 hivi. Ya milimita 1.5 ina 11, ya 1.2 ina karibu 9. Ukiambiwa ni ya milimita 2 na mzani unasema 11, mjadala umekwisha. Kwenye maduka ya vyuma ya Gerezani, Dar es Salaam, muuzaji mkweli hatakukatalia kupima.

Sumaku nayo ibebe, lakini ujue mipaka yake. Ikinasa kwa nguvu kwenye kitu unachoambiwa ni 304, kikatae. Isiponasa bado hujui, kwa sababu 201 nayo kwa kawaida hainaswi. Hapo dai namba iliyopigwa kwenye paipu, na iandikwe kwenye risiti.

Hatua ya 5: Andikiana na fundi

"Geti zuri kama la jirani" si makubaliano. Andika aina ya metali, unene wa fremu, unene wa shiti, idadi ya bawaba, aina na idadi ya mikono ya rangi. Kisha ongeza mambo haya, maana ndiyo yanayotenganisha geti la miaka minne na la miaka ishirini:

- Ncha zote za paipu zizibwe, na paipu ya chini itobolewe matundu ya milimita 8 hadi 10 upande wa chini ili maji yatoke.
- Shiti ikiungwa kwa vidonge vidonge, yaani nukta za kuchomelea badala ya mstari mzima, mwanya kati yake na fremu uzibwe kwa silikoni au masitiki inayokubali rangi, baada ya rangi ya kwanza kukauka. Mwanya huo ndio kitalu cha kutu.
- Shiti iishie juu kidogo ya ukingo wa chini, isitengeneze mfereji.
- Bawaba ziwe za beringi, tatu kwa mlango wa kilo 80, na juu ya mojawapo pachomelewe kizuizi ili mlango usiweze kunyanyuliwa na kung'olewa.
- Geti liletwe kwako bila rangi ya mwisho, ulikague.

Hilo la mwisho fundi wengi hulipinga. Lisisitize. Rangi nzuri huficha kiungo kilichoungwa kwa matone mawili. Tenga sehemu ya malipo hadi ukaguzi upite.

Hatua ya 6: Rangi

Paipu nyeusi hutoka kiwandani na mafuta. Yafutwe kwa tina, gamba la kuchomelea ligongwe lote, msasa upite, kisha rangi ya kuzuia kutu mikono miwili na rangi ya juu mikono miwili, kila mmoja ukauke kabla ya mwingine. Usipake asubuhi yenye umande.

Juu ya zinki usipake rangi ya mafuta moja kwa moja. Inakutana na zinki kikemikali na kubanduka kama ngozi ndani ya muda mfupi. Inatakiwa rangi ya kwanza maalumu kwa galvanaizi, na dukani uisome kwenye kopo, usikubali kuambiwa tu.

Hatua ya 7: Baada ya kufunga

Ukingo wa bahari, lisuuze geti kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hasa msimu wa kusi, hata kama ni stenlesi. Zibua matundu ya chini kwa waya kabla ya masika na kabla ya vuli. Tia grisi kwenye bawaba.

Ukiona doa la kutu, usipake rangi juu yake. Likwangue hadi uone chuma cheupe, zaidi ya ukingo wa doa kwa upana wa vidole viwili, pangusa kwa tina, paka ya kuzuia kutu siku hiyohiyo kabla usiku haujaleta unyevu, na rangi ya juu kesho yake.